Kilicho Chini ya Mzigo

Rola ya jeki ya paleti ina kipenyo cha sentimita 8 hivi, kama mdomo wa kikombe cha chai ya kibandani. Ukiikuta peke yake kwenye meza ya fundi utadhani imeng'olewa kwa kitanda cha hospitali.

Kwa wale hawajawahi kuivuta, jeki ya paleti ni ile trola ya chuma yenye meno mawili marefu na mpini mmoja, unayoiona nyuma ya supamaketi saa za kupokea mali. Unaingiza meno chini ya paleti, unapampu mpini mara kadhaa, mzigo unanyanyuka kidogo kutoka sakafuni, unavuta. Haina injini wala betri. Ina mafuta kidogo ya haidroliki, na wewe.

Sasa tupige hesabu. Jeki ya kawaida imeandikwa kilo 2,500 ubavuni. Tuseme umeipa kilo 2,000, yaani mifuko 40 ya saruji. Zaidi ya nusu ya uzito huo hauko kwa magurudumu makubwa yaliyo karibu na mpini. Uko mbele, kwenye ncha za yale meno, mahali ambapo huwezi kuona bila kupiga magoti. Kama kila jino lina rola moja, basi kila rola imebeba zaidi ya kilo 500. Hiyo ni zaidi ya magunia matano ya mahindi, yale ya kilo 90, juu ya kitu unachoweza kukifunika kwa kiganja.

Nilivuta jeki hizi mwaka mmoja na nusu kwenye godauni moja ya Industrial Area, Nairobi, baada ya karo kunishinda na chuo kuendelea bila mimi. Siku hizi naandika, na nikisoma historia ya biashara ya Afrika Mashariki nakutana na majahazi, reli, bandari na makontena. Zile mita 50 za mwisho, kutoka mlango wa lori hadi kwenye rafu, sizioni. Tunaambiwa tu kwamba mashine zilikuja zikamtua binadamu mzigo, kana kwamba lilifanyika siku moja likaisha. Mimi nadhani halijaisha. Mzigo ulitolewa mgongoni kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba kuna mtu atabadilisha rola. Asipoibadilisha, mzigo unarudi ulikotoka.

Ulikotoka ni kwa watu, na Kiswahili kimeweka kumbukumbu zao vizuri kuliko vitabu vingi. Tuna pagazi, aliyebeba mizigo ya misafara kati ya pwani na bara. Tuna hamali, neno lililotoka Kiarabu, ambaye kazi yake ni mabega yake. Tuna kuli wa bandarini. Tuna mkokoteni, kitu kilichopewa jina la jasho lake: kinakokotwa. Halafu tuna kibarua.

Kibarua ni barua ndogo. Karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, ili apate kulipwa. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ilienda kwa bwana. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Jina lilibaki. Kikaratasi kikageuka kuwa mtu, na hadi leo ukiulizwa unafanya kazi gani unaweza kujibu, "Mimi ni kibarua," yaani, kwa maana ya zamani, mimi ni risiti.

Neno jingine limejificha kwenye ramani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, kati ya 1914 na 1918, majeshi yalipigana sehemu ambazo hazikuwa na reli wala barabara, na wanyama wa kubeba walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa na watu. Waingereza waliunda Carrier Corps, kikosi cha wabebaji. Takwimu zao rasmi zilikubali vifo vya wabebaji zaidi ya 40,000, wengi wakiwa wameuawa na magonjwa badala ya risasi, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Jina la kikosi likapita midomoni mwetu likawa Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Watu wananunua viatu na vyungu hapo kila siku juu ya jina la watu waliokufa wakibeba.

Mbebaji wa vita vile alibeba kama kilo 25. Paleti moja ya kilo 2,000 ni foleni ya watu 80. Kwenye godauni yetu, foleni hiyo nzima ilivutwa na mtu mmoja, akipiga mluzi, ilimradi rola zilikuwa nzima.

Kati ya foleni ya watu 80 na yule mtu mmoja kuna bandari ya Mombasa. Gati za maji marefu za Kilindini zilifunguliwa mwaka 1926, lakini gati la kisasa halikumaanisha mikono michache. Magunia ya kahawa, pamba na magadi yalipita kwenye migongo ya makuli walioajiriwa kwa siku. Mwaka 1939 waligoma. Januari 1947 mji karibu wote ulisimama: makuli, watu wa reli, wa hoteli, wa majumbani, kama watu 15,000 hivi. Mgomo huo ulizaa African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake hadi Agosti mwaka huo, alipokamatwa na kuwekwa kizuizini. Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya, kijana wa miaka 24, akashuka Mombasa kusaidia mazungumzo. Nyongeza ya mishahara ikapatikana.

Mwanahistoria Frederick Cooper ameandika kitabu kizima juu ya bandari hiyo, On the African Waterfront, kilichotoka 1987. Kinaonyesha mvutano ambao mtu yeyote aliyesimama langoni saa kumi na mbili asubuhi akisubiri jina lake lisomwe ataufahamu. Waajiri walimpenda kibarua kwa sababu siku ambayo meli hazipo hawakumlipa. Serikali ya kikoloni ilikuja kumwogopa kwa sababu hiyohiyo: mtu ambaye kila siku ni kama ameachishwa kazi haogopi kuachishwa kazi. Ndiyo maana iliwaandikisha makuli na, miaka ya 1950, ikapunguza wale wa siku moja moja. Watu wakajulikana kwa majina na namba. Mashine zilipoongezeka baadaye, zilikuta tayari swali la nani anabeba limepiganiwa kwa miaka.

Mashine ninayoizungumzia mimi ilikuwa inazaliwa kwingine. Mwaka huohuo wa 1939, huko Marekani, George Raymond na William House walipewa hataza ya paleti ya mbao yenye uso wa juu na wa chini, iliyochorwa iende sambamba na jeki ya haidroliki ya kuvuta kwa mkono. Kampuni yao ilikuwa Greene, jimbo la New York. Hivyo vitu viwili havitenganishwi. Paleti bila jeki ni kitanda tu, na jeki bila paleti haina pa kuingiza meno.

Hapo ndipo udogo wa rola unapopata maelezo. Paleti inaacha upenyo wa kama sentimita 10 kati ya sakafu na mbao zake za juu. Jino la chuma pamoja na gurudumu lake lazima vipite humo. Hakuna mhandisi aliyechagua gurudumu dogo kwa sababu ni zuri. Gurudumu dogo ni baya: linakwama kwenye kila ufa, linapanda kila kokoto kama mlima, na linazunguka mara nyingi kwa safari fupi. Gurudumu la karibu na mpini lina kipenyo cha sentimita 18 au 20. Likizunguka mara moja, rola imeshazunguka zaidi ya mara mbili. Vuta mita 100 na rola imezunguka karibu mara 400, huku imebebeshwa sehemu kubwa ya mzigo. Yaani walichukua gurudumu dhaifu kuliko yote wakalipa kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ndilo pekee lililotosha kwenye nafasi iliyobaki.

Vita vya Pili vilieneza mfumo huo. Jeshi la Marekani lilihamisha mali kwa paleti kuvuka bahari ya Pasifiki, na lilipoondoka Australia liliacha vifaa vingi hadi serikali ya huko ikaanzisha mfuko wa kuvigawa. Mfuko huo ndio chanzo cha CHEP, ile kampuni ya paleti za rangi ya buluu. Sweden, mwaka 1946, ilianzishwa kampuni ya BT, ambayo jeki zake zilienea Ulaya. Tangu 2000 iko chini ya Toyota. Mwaka 1961 mashirika ya reli ya Ulaya yalikubaliana paleti moja ya sentimita 120 kwa 80. Ukipima meno ya jeki nyingi zilizoko Nairobi utapata kama sentimita 115. Makubaliano ya reli za Ulaya yako pale chini, kwenye sakafu ya godauni ya Enterprise Road.

Sasa fungua rola yenyewe uone. Ndani kuna beringi mbili, moja kila upande. Rola nyingi tulizofungua zilikuwa na beringi iliyoandikwa 6204. Tarakimu mbili za mwisho unazidisha kwa tano: 04 ni milimita 20, upana wa tundu linaloingia ekseli. Namba hiyohiyo utaikuta kwenye pikipiki na kwenye mota za umeme, na ndiyo sababu unaweza kwenda Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, ukasema "6204 mbili" bila kueleza ni za nini, na ukapewa.

Ukifuatilia beringi za kisasa unafika Gothenburg, Sweden, kwa Sven Wingquist. Alikuwa mhandisi aliyesimamia matengenezo ya mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Beringi za kiwanda zilikuwa zinaharibika kila mara, na kusubiri nyingine kulisimamisha kazi. Mwaka 1907 akabuni beringi inayoweza kujinyoosha yenyewe ekseli ikipinda, na kampuni ya SKF ikaanzishwa mwaka huo. Napenda sana kwamba uvumbuzi huo ulitoka kwa mtu aliyechoka kurekebisha. Baadaye dunia ilijua thamani ya vitu hivyo vidogo kwa njia mbaya. Oktoba 14, 1943 Wamarekani walituma ndege kubwa za mabomu karibu 300 kupiga viwanda vya beringi vya Schweinfurt, Ujerumani, na 60 kati yake ziliangushwa siku hiyo moja. Walikuwa wamepiga hesabu kwamba ukimnyima adui beringi, kila kitu chake kinachozunguka kitasimama.

Nje ya beringi kuna ngozi ya rola, nayo ina historia yake. Magurudumu ya chuma yalibeba vizuri lakini yalichimba sakafu na kupiga kelele ya kuzimu. Nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935 na timu ya Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont, ilileta rola nyepesi na ngumu. Inateleza kwa urahisi na mzigo mzito, lakini bado inalia, na kila mtikiso inaupitisha hadi kwenye kiwiko chako. Poliyurethani, iliyotokana na kazi ya Otto Bayer huko Leverkusen mwaka 1937, ni laini kidogo. Haipigi kelele na haiumizi sakafu. Ila msumari mmoja au kibanzi cha mbao kikiikata, inaanza kumeguka vipande vipande kama mkate mkavu, na ikikaa kwenye unyevu na joto miaka mingi inaweza kubanduka kwa chuma chake. Kwa sakafu laini, chagua poliyurethani. Kwa sakafu mbaya yenye mashimo, wengi wanachagua nailoni. Kwa sakafu yetu, iliyokuwa na yote mawili, mtu alichagua kilichopatikana.

Godauni yetu ilikuwa na jeki nne. Tatu zilikuwa na namba. Ya nne tuliiita Mguu Mbovu.

Rola haifi ghafla. Ile plastiki nyembamba ya kufungia mzigo inadondoka sakafuni, inanaswa, inajizungusha kwenye ekseli kama uzi kwenye kidonge cha cherehani. Joto la msuguano linaiyeyusha, inabana pembeni mwa beringi hadi kifuniko kinapasuka. Grisi inatoka, vumbi linaingia. Vile vipira vya chuma vinasagana vikavu. Siku moja beringi inashika, na rola inaacha kuzunguka. Inaburuzwa. Ikiburuzwa inasagika upande mmoja, ikipata bapa hata ikizunguka tena itapiga: tak, tak, tak. Sisi vibarua tulisikia sauti hiyo wiki nyingi kabla mtu wa ofisini hajajua. Tulikuwa tunaijua hata kwa mwili. Jeki nzima unaianzisha kwa kuegemea nyuma tu. Mguu Mbovu ulikuwa unaianzisha kwa kiuno.

Kwa hiyo asubuhi kulikuwa na mbio zisizosemwa. Aliyechelewa ndiye aliyepata Mguu Mbovu. Na aliyechelewa mara nyingi alikuwa anayetoka mbali, au mgeni, au mwenye umri mkubwa kutuzidi.

Siku hiyo aliupata mwenzetu mmoja aliyekuwa anatoka Mukuru, mtu wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto watatu. Paleti ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Kati ya slebu mbili za sakafu kulikuwa na mwanya ambao jeki nyingine zilikuwa zinauruka kwa mshtuko mdogo. Rola iliyoshika iliingia ikakaa. Akavuta, wapi. Akarudi nyuma hatua moja akavuta kwa nguvu zote, akijipinda upande. Ikatoka ghafla. Hakuanguka. Alisimama tu, ameshika mpini, akasema polepole, "Ngoja. Ngojeni kidogo." Kisha akashindwa kukaa na akashindwa kusimama.

Supavaiza alimletea soda na kumruhusu aende nyumbani mapema. Kesho yake langoni majina yaliposomwa, lake halikusomwa. Wala wiki iliyofuata. Hakuna aliyemfukuza, kwa sababu kwenye karatasi hakuna aliyekuwa amemwajiri kwa zaidi ya siku moja. Paleti ile ya mafuta ilimaliziwa safari na mtu mwingine saa ileile, na jeki ileile.

Sheria ipo. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini, ile inayojulikana kama WIBA, inamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aliyeumia. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi siku zake zikafika mwezi anahesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi. Sisi tulikijua kifungu hicho bila kukisoma. Ukikaribia mwezi, ulikuwa unapumzishwa siku chache, halafu unaanza upya kama mtu mgeni. Serikali ya kikoloni ilitumia miaka kujaribu kumgeuza kuli wa siku awe mtu mwenye jina. Miaka 70 baadaye, kuna watu wanalipwa kufanya hesabu ya kumrudisha.

Fundi alikuja wiki tatu baadaye. Mzee mmoja mwenye begi la ngozi na ovaroli iliyofifia, aliyetuambia amefanya kazi ya jeki tangu sisi hatujazaliwa. Alituita wawili tumsaidie, na mimi nilikuwa mmoja.

Kazi yenyewe haina siri. Unatoa mzigo, unashusha meno hadi chini, unalaza jeki ubavu juu ya mbao ili rola zikutazame. Huweki mkono chini ya jino hata kama limelala. Ekseli ya rola inashikwa na pini ya springi, kibomba kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye tundu. Unaweka sindano ya chuma juu yake, unapiga nyundo kwa upole hadi inatoka upande wa pili. Kisha unaisukuma ekseli, na unakaa chonjo, kwa sababu washa zinaanguka, na ukizirudisha kwa mpangilio tofauti rola itasugua jino. Unakata plastiki yote kwa kisu. Unasafisha kwa mafuta taa. Unapitisha kucha juu ya ekseli: ikikwama kwenye mfereji, hiyo ekseli imeliwa, na beringi mpya juu yake itakufa mapema. Unapaka grisi. Unarudisha. Na unabadilisha pande zote mbili kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzuri, kwa sababu rola mpya na rola kuukuu hazina urefu sawa, na mzigo utalalia upande ulio chini.

Mzee aliinua ile ekseli ya Mguu Mbovu kwenye mwanga. Ilikuwa na mfereji unaoweza kuingiza ukucha wote.

"Mngeniita miezi mitatu imepita," akasema, "ningebadilisha beringi peke yake. Sasa ona."

Nikamuuliza, "Mzee, nani angekuita?"

Aliniangalia kama mtu aliyesikia swali hilo mara nyingi. "Hilo, kijana, si swali la fundi."

Nimelibeba swali lile tangu siku ile. Kuita fundi kulihitaji fomu. Fomu ilihitaji sahihi ya supavaiza. Supavaiza hakuwa anavuta jeki. Aliyevuta alijua rola imeshika lakini hakuwa na fomu, na kwa kuwa alikuwa wa siku moja, malalamiko yake yalikuwa njia fupi ya kutosomwa jina kesho. Rola moja na beringi zake ilikuwa kama mshahara wetu wa siku mbili. Pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya maarifa ya mgongo kufika kwenye kalamu.

Hapa ndipo naona historia tunayosoma imeegemea upande mmoja. Mwanahistoria Mwingereza David Edgerton, kwenye kitabu chake The Shock of the Old cha 2006, anasema tumezoea kuandika historia ya teknolojia kwa kufuata nani alibuni nini na lini, wakati maisha ya watu wengi yanaendeshwa na vitu vya zamani vinavyotumika na kutunzwa. Mimi mwenyewe hapa nimewapa tarehe za hataza na majina ya wavumbuzi, kwa sababu ndizo zilizohifadhiwa. Siku ambayo mtu fulani Gikomba au Changamwe alibadilisha rola, gari likashuka salama, haina tarehe popote.

Lakini lugha yetu ina kitu cha kutusaidia. Fundi ni anayetengeneza kwa maana zote mbili: anayekiunda kitu kisichokuwepo na anayekirudisha kilichoharibika. Hatukutenga maneno mawili. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya mwaka 1972 ndiyo iliyofanya dunia iizungumzie sekta isiyo rasmi, na watu walewale baadaye wakaitwa jua kali. Ukipita Kamukunji au kandokando ya Lunga Lunga Road leo utaona wengi wanafanya kazi ya Wingquist, si ya Raymond. Hawabuni paleti. Wanazuia kitu kisisimame.

Baada ya siku ile mzee alituachia utaratibu, naye hakudai pesa ya ziada. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga, laza jeki, kata plastiki, zungusha kila rola kwa kidole. Isipozunguka vizuri, tia alama ya chaki kwenye mpini. Fagia njia kabla ya kuvuta, kwa sababu msumari mmoja unagharimu rola. Usiangushe mzigo kwa kuachilia mpini ghafla. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa hodari wa kupanga. Akaanza kuandika alama za chaki kwenye karatasi na kuibandika karibu na mlango wa ofisi, bila jina la mtu, jeki namba fulani, rola ya kushoto, tarehe. Supavaiza hakuweza kusema hajaiona. Mara mbili mzee aliitwa kabla rola haijashika. Na asubuhi, kwa mara ya kwanza, watu hawakukimbilia jeki.

Niliondoka godauni ile miezi michache baadaye. Mwenzetu wa Mukuru nilikuja kumwona mara moja tu, anauza mboga kando ya barabara, amekaa kwenye kreti, na hakuinuka kunisalimia. Akasema mgongo unamruhusu kukaa. Akauliza kama Mguu Mbovu bado upo. Nikamwambia ulibadilishwa rola zote nne, sasa unavutwa kwa mkono mmoja. Akacheka kidogo, akaendelea kufunga sukuma wiki.

Kwenye daftari la godauni, siku aliyokuja fundi imeandikwa. Kuna tarehe, neno "matengenezo," idadi ya rola, kiasi kilicholipwa na sahihi mbili. Nililiona daftari hilo mwenyewe, kwa sababu nilitumwa kulipeleka ofisini. Nikafungua kurasa za wiki tatu nyuma, hadi siku ile ya mafuta ya kupikia. Palikuwa pameandikwa paleti zilizopokelewa, zote zikiwa salama.